Nywila Ishirini na Sita

Buzebazeba, Kigoma
5 Machi 2024

Ndugu yangu Shadia,

Utashangaa kupata karatasi kutoka kwa mtu aliyekutumia picha ya samaki mgebuka kwa simu juzi tu. Wewe mwenyewe ulinifundisha chuoni kwamba jambo usilotaka lisomwe na mtu wa tatu usiliweke kwenye simu. Barua hii anakuja nayo kaka yako kwa treni. Ikikufikia imefunguliwa, niambie.

Unajua majaribio yangu hapa Kituo cha Afya Mwalo Mpya yanaisha tarehe 30 Aprili. Siku hiyo ama nathibitishwa kuwa karani wa kumbukumbu, ama narudi Kasulu, ambako baba amekwisha simama kanisani kutoa shukrani kana kwamba nimethibitishwa tayari. Kwa hiyo naomba unisome taratibu, usinicheke kabla hujafika mwisho.

Wiki iliyopita Mganga Mfawidhi, Dk. Benedict, aliniita ofisini. Wakaguzi wanakuja kuangalia kama siri za wagonjwa zinalindwa kwenye mfumo wetu. "Wewe si ndiye msomi wetu wa kompyuta?" akasema. "Hebu yapime hayo mapaswedi ya watu. Kama kuna la kipuuzi nilijue mimi kabla mkaguzi hajalijua."

Muuguzi Mkuu, Veneranda, alikuwa kwenye kona ya meza anasaini daftari la dawa. Akacheka. "Daktari, usimtie mtoto wa watu matatani."

"Matata gani? Si nimemtuma mimi?"

Nilitaka kumwomba aniandikie hayo. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Lakini ni mtu wa rika la baba yangu, na kwetu ukimwambia mzee aliyekwisha sema "sasa niandikie," umemwambia kwamba ulimi wake hautoshi. Nikasema, "Sawa, Mzee."

Nikatumia ile programu ya kupima nywila uliyonipa. Nilikumbuka ulivyotufafanulia: mfumo haujaweka nywila zenyewe, umeweka unga wake, na unga haurudi kuwa muhogo. Programu inachukua neno moja moja, inalisaga vilevile, inalinganisha unga na unga. Nikaipa ile orodha ya maneno iliyokuja nayo, maelfu kwa maelfu. Kati ya nywila thelathini na moja zilifunguka mbili tu. Nilifurahi, Shadia. Nilikwisha anza kuandika kwamba watumishi wetu ni waangalifu.

Kisha nikafikiri: maneno haya ni ya Wazungu. Nani Ujiji anaweka maneno haya? Nikasikiliza koridoni. "Mama Diana, una glovu?" "Baba Elia, funga geti." Nikaandika orodha yangu mwenyewe: watoto wote wa watumishi wote, kama wazazi wao wanavyoitwa kila siku, pamoja na timu wanazoshabikia, na programu ikabandika mwaka mwishoni mwa kila jina. Chai yangu haijapoa, zimefunguka ishirini na sita. Watu wanaitana nywila zao kwa sauti asubuhi hadi jioni! Ya Daktari ilikuwa ya pili kufunguka, jina la timu yake na mwaka iliochukua ubingwa, na hiyo nayo anaisema kila Jumatatu.

Nilikuwa nacheka peke yangu mpaka nilipofika kwa Muuguzi Mkuu. Yeye hana mtoto. Kituo kizima tunamwita Shangazi kwa sababu hiyo. Nywila yake ni jina la mwanamume na mwaka. Jina sikuandikii. Lilikuwemo kwenye orodha yangu kwa sababu mtoto wa dereva wetu naye anaitwa hivyo, na programu hulijaribu kila jina kwa kila mtu. Niliondoa macho haraka, lakini jicho likishaona limeona.

Sasa Daktari anataka orodha kamili, mtu na nywila yake, aisome kwenye kikao cha Jumatatu ijayo. Anasema watu hujifunza kwa aibu. Nifanye nini? Nijibu upesi. Silali vizuri.

Wako,
Jovita


Dodoma
12 Machi 2024

Jovi mwoga wangu,

Barua imefika haijafunguliwa, ila inanuka dagaa. Kaka aliiweka kwenye mfuko wa dagaa. Leo ndiyo tunaanza kufunga, umenipa kishawishi cha bure.

Nimecheka, nisamehe. Mama Diana, una glovu! Lakini nilipomaliza kucheka niliudhika. Nilipokupa ile flashi yenye programu nilikupa na masharti. Nilisema: usiiguse nywila ya mtu yeyote, hata ya paka, bila karatasi yenye saini. Programu ile ni kama panga. Mkononi mwa mwenye shamba ni kazi, mkononi mwa mwingine ni kesi. Kinachokutofautisha na mwizi ni karatasi. Wewe unaniambia habari za meno na ulimi!

Sasa sikiliza. Moja, orodha usimpe. Toa hesabu tu, na uwaambie wote wabadilishe. Mbili, matokeo USIYAFUTE. Yafunge, uyaweke mahali salama. Mle kuna saa uliyoanza, saa uliyomaliza, na kwamba hukuingia kwenye faili la mtu yeyote. Ndiyo kinga yako pekee, kwa kuwa karatasi huna. Tatu, rudi kwa mzee wako leo, mwambie akuandikie hata mistari miwili.

Na huyo Shangazi, msahau. Kila mtu ana jina analolikalia.

Shadia


KITUO CHA AFYA MWALO MPYA
S.L.P. Kigoma
18 Machi 2024

Ndugu Jovita Selestini,
Karani wa Kumbukumbu (Majaribio).

YAH: TUHUMA ZA KUVUNJA NYWILA ZA WATUMISHI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Uongozi umepokea malalamiko yenye saini za watumishi kumi na tisa kwamba wewe, bila idhini ya mamlaka yoyote, ulitumia programu maalumu kuvunja nywila ishirini na sita za mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Aidha, unatuhumiwa kufuta matokeo ya zoezi hilo kwa nia ya kuficha ushahidi.

Kwa barua hii unasimamishwa kazi kuanzia leo na unatakiwa kukabidhi kompyuta ya ofisi. Unatakiwa kuwasilisha maelezo yako kwa Bodi ndani ya siku kumi na nne, ukieleza kwa nini usichukuliwe hatua za nidhamu.

Dk. Benedict Julius
MGANGA MFAWIDHI


Buzebazeba
20 Machi 2024

Shadia,

Barua yako imefika jana. Jana! Usiyafute, unasema. Niliyafuta tarehe nane.

Nitakueleza kwa utaratibu ili na mimi nielewe. Ijumaa ile Daktari alipita mezani kwangu mara mbili kuulizia orodha. Niliogopa kwamba siku ya tatu ataichukua kompyuta yenyewe. Nikafuta kila kitu, nikamwandikia mstari mmoja: nywila 31 zimepimwa, 26 zimefunguka, wote wabadilishe, wasitumie majina ya watoto.

Jumatatu kikaoni akausoma mstari ule, akageuza karatasi nyuma kuona kama kuna zaidi. "Majina yako wapi?"

"Nimeyafuta, Mzee."

"Umefuta kazi niliyo..." Akaikata sentensi hapo. Kisha akauliza, "Na ya kwangu?"

"Imo kwenye hesabu, Mzee."

Frida wa maabara akacheka, na wengine wakamfuata. Laiti asingecheka. Daktari akafunga daftari lake, kikao kikaisha kabla ya sala.

Kufikia saa nne habari ilikuwa imebadilika. Si kwamba nywila ni dhaifu. Ni kwamba Jovita anasoma mafaili ya watu. Na watumishi wenyewe wanatibiwa hapa, Shadia, vipimo vyao vyote vimo mle. Frida, yule yule aliyecheka, alinifuata hadi mlangoni: "Umeona cha kwangu? Sema ukweli. Umeona?" Nikamwapia kwamba sikufungua faili lolote. Akasema, "Mwenye ufunguo haapi." Asubuhi nikimwamkia Mama Diana bombani ananijibu, "Na leo umeota jina gani la mwanangu?"

Walipoenda na saini zao, Daktari aliwaambia kwamba yeye hajui nani alinituma. Akasema huenda ni "utundu wa vijana wa vyuo." Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilimtazama Muuguzi Mkuu, kwa sababu yeye alikuwepo, alisikia, na hata alitania. Alikuwa anakunja shuka. Akaendelea kukunja mpaka shuka likawa dogo kama kitambaa cha mkono.

Unajua ni watu wangapi wamebadilisha nywila zao? Nilichungulia kabla sijakabidhi mashine. Wanne. Wameona ni rahisi zaidi kunibadilisha mimi.

Siku kumi na nne. Niandike nini?

Jovita


Dodoma
27 Machi 2024

Jovi,

Nimeisoma barua yako nikiwa na njaa, kwa hiyo nivumilie. UMEFUTA! Mtu aliyepata alama za juu darasani kote anafuta kumbukumbu, naye ni karani wa kumbukumbu!

Haya. Lililofutika limefutika. Una shahidi mmoja. Si Mungu, huyo Bodi haimwiti. Ni Shangazi. Kwa nini amenyamaza? Fikiri. Yeye anajua nywila yake ni nini. Amesikia ishirini na sita zimefunguka. Anaamini orodha ipo mahali, na shauri likiendelea itatolewa mezani, isomwe. Anataka shauri life haraka, na shauri linakufa haraka ukifukuzwa wewe.

Kwa hiyo mwandikie. Usimtishie, sisemi umtishie. Mkumbushe tu kwamba unajua. Neno moja, lile jina, juu ya bahasha. Atasimama mbele ya Bodi kesho yake. Mimi mwenyewe nisingependa, lakini ni kazi yako dhidi ya siri yake, na yeye ndiye aliyeanza kukutupa.

Kama huwezi hilo, basi taja nywila ya Daktari kwenye maelezo yako, Bodi icheke. Fanya kitu, bana. Unakaa kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

Shadia


Buzebazeba
2 Aprili 2024

Muuguzi Mkuu,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kazi zinaendelea vizuri. Samahani kwa kukuandikia nyumbani. Sina ruhusa ya kufika kituoni.

Alhamisi iliyopita nilipeleka maelezo yangu kwa Bodi. Nimeandika kwamba nilitumwa kwa mdomo. Sikuandika kwamba kulikuwa na mtu mwingine chumbani, kwa sababu sikukuomba ruhusa.

Lililonifanya nikuandikie ni hili. Watu wanasema kuna orodha. Nataka ujue kwamba hakuna. Niliyafuta matokeo yote tarehe 8 Machi, sikuchapisha, sikumwonyesha mtu. Hakuna kikao kinachoweza kusoma kisichokuwepo. Nakwambia wewe kama ambavyo ningemwambia mtumishi yeyote kati ya wale thelathini na mmoja.

Nimeiandika aya hiyo mara tano. Kila nikiipunguza inasema zaidi ya ninachotaka iseme. Naomba uisome kama ilivyo.

Mtoto wako kikazi,
Jovita Selestini


Buzebazeba
10 Aprili 2024

Shadia,

Idi njema. Nimepita kwenu Kasingirima, mama yako amenipa sahani ya pilau na maneno. Hajui lolote, anauliza tu kwa nini nimekonda.

Muuguzi Mkuu hajajibu. Leo ni siku ya nane. Nilimwandikia, lakini si ulivyosema. Sikuweka jina juu ya bahasha. Nilijaribu kumwambia kwamba hakuna cha kuogopa, na hilo halina namna ya kulisema. Nikimwambia "siri yako iko salama," nimekwisha mwambia kwamba ninayo. Nikinyamaza, anaendelea kuogopa, nami naendelea kufukuzwa. Umewahi kuona mlango ambao kuufunga na kuufungua ni kitu kimoja?

Na nimekukasirikia, heri niseme. Wewe uko Dodoma na karatasi zako zenye saini. Ungekuwa hapa, Mzee huyu akakwambia "sawa?" mbele ya watu, ungesema sawa. Wote tungesema. Kuhusu nywila ya Daktari, sitaitaja. Kama nimeona ishirini na sita na nikatoa moja, basi Frida alisema kweli.

Bodi inakaa tarehe 18. Baba amepiga kwa simu ya jirani kuuliza nikithibitishwa niletewe nini.

Jovita


Ujiji
15 Aprili 2024

Mwanangu Jovita,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine wa kujibiwa kwanza.

Hukuhitaji kuiandika ile aya mara tano. Nilikwisha jua tangu mwezi wa tatu. Ulikuwa unaniita Shangazi kama wenzako. Siku moja ukaja kuchukua mafaili ukasema, "Muuguzi Mkuu, naomba saini." Tangu hapo hukurudia tena Shangazi. Nikaona: huyu mtoto amelikuta jina la Bonaventura, na anaogopa kunikanyaga.

Bonaventura ni mwanangu. Nilimzaa kabla sijaenda chuo cha uuguzi. Mama yangu alisema ikijulikana nina mtoto sitapokelewa, akamchukua, akamlea Kidahwe kama mtoto wake wa mwisho. Ananiita dada. Nimemnunulia viatu vya shule kama dada, nimekaa safu ya pili kanisani siku ya ubarikio wake kama dada. Mahali pekee nilipoweza kuandika jina lake na kulifanya langu ni pale kwenye mfumo, kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi. Halionekani linapoandikwa, ni nukta tu. Nililipenda hilo.

Ulipokuwa unatukanwa nilikuwa nakunja shuka. Najua uliniona. Nilijiambia, wewe ni kijana, utapata kazi kwingine, mimi sitapata jina jingine. Hayo ndiyo niliyojiambia, na nimeyarudia mwezi mzima, na bado hayajawa kweli.

Jumamosi nilikwenda Kidahwe. Nimemkuta karakanani anachomelea geti la shule. Nikamwambia palepale, kwa sababu tungeingia ndani ningeogopa. Akavua miwani ya kuchomelea. Akaniuliza, "Mama anajua?" Nikamwambia, mama ndiye aliyepanga. Akaniuliza kama nimekuja kwa basi au kwa pikipiki. Nikasema basi. Akavaa miwani akaendelea na geti. Nilikaa kwenye benchi mpaka akamaliza upande mzima, kisha akatoka kuninunulia soda, akanifungulia. Sijui kama ni vizuri au vibaya. Nakueleza kilichotokea tu.

Nimeiandikia Bodi leo. Nimeandika kwamba nilikuwepo, nilimsikia Dk. Benedict akikutuma, na kwamba nilikaa kimya kwa woga wangu. Na ili asiwepo mtu wa kudhani ninalindwa na karani, nimeandika nywila yangu ilikuwa nini na jina hilo ni la nani. Nimepeleka kwa mkono, Katibu amepiga mhuri mbele yangu.

Nisamehe zile wiki tano.

Veneranda Bariki


BODI YA KITUO CHA AFYA MWALO MPYA
22 Aprili 2024

Ndugu Jovita Selestini,

YAH: UAMUZI WA BODI

Bodi ilikaa tarehe 18 Aprili 2024 na kupitia maelezo yako pamoja na barua ya Muuguzi Mkuu, ambayo imepokelewa. Mganga Mfawidhi ameieleza Bodi kwamba hakumbuki kutoa agizo hilo. Kwa kuwa hakuna agizo la maandishi, Bodi haioni sababu ya kumsumbua kiongozi mwenye utumishi wa miaka mingi.

Hata hivyo, kwa kuzingatia umri wako na elimu yako, Bodi imekuonea huruma. Utarejeshwa kazini na kuthibitishwa kuanzia tarehe 1 Mei, kwa sharti kwamba unasaini tamko lililoambatishwa, linalosema kwamba ulifanya zoezi hilo kwa hiari yako mwenyewe, bila kutumwa na mtu yeyote, na kwamba unaomba radhi. Tamko lirejeshwe kabla ya saa tisa alasiri, Alhamisi, tarehe 25 Aprili. Usipolirejesha, ajira yako itakoma mwisho wa majaribio.

Nikodemu Elia
KATIBU WA BODI


Buzebazeba
25 Aprili 2024

Katibu wa Bodi,
Kituo cha Afya Mwalo Mpya.

YAH: TAMKO

Tafadhali husika na barua yako ya tarehe 22 Aprili.

Naishukuru Bodi kwa kunionea huruma. Nimelisoma tamko tangu Jumatatu. Kalamu nimeishika mara nyingi, na sitaki kuidanganya Bodi kwamba siitaki kazi hii. Naitaka sana.

Lakini tamko linasema sikutumwa na mtu yeyote. Muuguzi Mkuu ameandika kwamba nilitumwa, na kwamba alisikia. Barua yake imemgharimu zaidi ya mshahara. Nikisaini hii, ile yake inakuwa uongo. Kwa hiyo tamko ninalirudisha bila saini.

Kosa langu nalikiri: nilipima nywila za watu bila kupata agizo la maandishi, na nilifuta matokeo ambayo yangeonyesha kwamba sikufungua faili la mgonjwa hata moja. Kwa hayo mawili nawaomba radhi watumishi wote. Nawaomba pia wabadilishe nywila. Mpaka naondoka walikuwa wanne tu, na atakayekuja baada yangu huenda asifute.

Nimeambatisha funguo mbili za chumba cha mafaili na kitambulisho changu.

Ninalo ombi moja. Barua hii iwekwe kwenye jalada, mara baada ya barua ya Muuguzi Mkuu, ili atakayefungua ya kwake aikute na yangu.

Jovita Selestini